Chombo Mabegani

Ukiwa Kariakoo huioni bahari. Unaweza kusimama makutano ya Msimbazi na Uhuru tangu asubuhi hadi jioni, ukapigwa vikumbo na wabeba maboksi, ukauziwa soksi na chaja na mtumba "daraja la kwanza", usipate hata harufu ya chumvi. Lakini muulize mvuvi wa Feri, wa Msasani au wa Kunduchi kamba ya chombo chake imetoka wapi, atakuonyesha kwa kidevu upande wa sokoni. Kamba, turubai, misumari, rangi, nyavu, uzi wa kushonea tanga, pamba ya kukalafati, vyote hivyo hupita Kariakoo kabla ya kugusa maji. Ngalawa ya Dar es Salaam, kabla haijaelea, huwa imetawanyika kwenye maduka ya watu ambao wengi wao hawajui kuogelea.

Na jina lenyewe la mahali linatokana na kubeba. Kila aliyesoma shule ya msingi katika jiji hili amewahi kusimuliwa kwamba Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kwamba midomo yetu ndiyo iliyoligeuza jina. Habari hiyo husimuliwa kama kichekesho cha lugha. Watu hutabasamu, kisha huuliza bei ya viatu. Mimi niliirudia kwa akili nyingine mwaka ambao mjomba wangu, baharia mstaafu wa majahazi, aliamua kumalizia uzee wake na ngalawa yake mwenyewe, akanifanya mimi kuwa msaidizi wake wa kutafuta vifaa. Kazi ile ilinionyesha jambo ambalo vitabu nilivyosoma vilikuwa vimelisema bila kulikazia: katika nchi hii vyombo vya majini vimesafiri sana nchi kavu, na kwa muda mrefu vilisafiri juu ya mabega ya watu.

Ngalawa yenyewe ni ushahidi wa kwanza. Mwili wake hutoka kwenye gogo moja, na mti unaopendwa ni mwembe. Mwembe haumei ufukweni ukingoje kuchongwa. Huko Mkuranga au Kisarawe fundi huutafuta mti mnene ulionyooka, mara nyingi ule ambao umechoka kuzaa, akaelewana na mwenyewe, akauangusha. Halafu haubebi mzima. Huuchonga palepale ulipoanguka, akatoboa tumbo na kukata mbavu za nje hadi gogo linakuwa na sura ya chombo, kwa sababu kila kilo ya mbao inayobaki shambani ni kilo ambayo hakuna mtu atakayeivuta. Zamani gogo hilo lililochongwa nusu lilikokotwa na watu kwa kamba, juu ya miti ya kubingirisha, huku mmoja akiimba na wengine wakiitikia. Kwa hiyo kila ngalawa huanza maisha yake kwa safari ya nchi kavu.

Ya mjomba ilikuja na Fuso. Ilikuwa na urefu wa kama mita sita, na dereva alitaka kuilaza kifudifudi ili isichukue nafasi. Mjomba alikataa. Aliomba matairi mabovu manne, akayapanga chini, chombo kikakaa juu yake kwa mkuku, wima kama kitakavyokaa majini. Kamba zilipitishwa pale palipo na mataruma, ile mihimili ya ndani, na hazikukazwa mpaka mwisho. Mti mbichi uliobanwa kupita kiasi, halafu ukarushwarushwa na matuta ya barabara, hupasuka ufa ambao huuoni mpaka siku unapoingia baharini. Kwenye tezi tulifunga kitambaa chekundu ili wa nyuma waone mzigo umezidi bodi. Mirengu, yaani ile miti inayokingama juu ya chombo kutoka upande hadi upande, na matengo, zile mbao mbili za pembeni zinazoizuia ngalawa isipinduke, havikuwa vimefungwa bado. Vililala kando yake kama miguu ya kitanda kinachohamishwa.

Hilo nalo linafaa kutazamwa. Ngalawa ni chombo kinachofunguka. Mirengu na matengo havikazwi kwa nati. Hufungwa kwa kamba. Mafundi watakwambia kamba ina adabu ambayo chuma haina: wimbi likipiga, kiungo kinanesa kidogo kisha kinarudi. Na ukitaka kukihamisha chombo unakata kamba, unakibeba vipande, unakifunga upya kwingine. Wataalamu wa vyombo wanaona katika matengo haya undugu na vyombo vya Wanusantara, watu wa visiwa vya Indonesia ambao jamaa zao walivuka bahari hadi Madagaska karne nyingi zilizopita. Kwa hiyo wazo la chombo chenye viungo ni la kale mno kwenye pwani hii. Liweke akilini, maana baada ya muda atakuja mgeni kutoka London akidhani kwamba yeye ndiye aliyelileta.

Tulikwenda Kariakoo mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya kamba, kwenye duka jembamba karibu na Mtaa wa Livingstone, ambako mizunguko ya nailoni ya kijani na buluu hupangwa hadi darini. Mjomba aliingia akaamkiwa "Shikamoo mzee", akaitika, halafu akashika ncha ya kamba na kuisokotoa kati ya vidole kama mtu anayepima kitambaa cha kanzu. Aliulizia katani. Kijana wa duka akacheka, si kwa dharau. Akasema katani ipo, ila ya kufungia magunia.

Nilimwona mjomba akitafakari kidogo, na najua kwa nini. Mkonge uliingizwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, kwa miche iliyotoka Marekani. Iliyofika hai na kupandwa huku ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache Tanganyika ikaja kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa katani duniani, na kamba za meli za mataifa zikasokotwa kwa nyuzi za Tanga na Morogoro. Kisha nailoni ikaingia, haiozi, haivimbi, haihitaji kuanikwa, na mashamba yakaanza kufa. Kabla ya katani, majahazi yalitumia kamba za makumbi ya nazi, zilizofukiwa kwenye matope ya pwani hadi nyama ya kumbi ikaoza, zikapondwa na wanawake, zikasokotwa kwa mkono. Mjomba alinunua nailoni. Alinunua nene kwa henza, ile kamba ya kutwekea, na nyembamba kwa demani, kwa sababu demani hushikwa mkononi kutwa nzima na kamba nene humchosha mshikaji.

Mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya tanga. Wavuvi wengi sasa hushona matanga kwa turubai au kwa viroba vya unga vilivyofumuliwa, na ukikaa Kigamboni jioni utaona nembo za viwanda vya unga zikipita baharini zikiwa zimejaa upepo. Mjomba alitaka pamba. Muuza vitambaa, mzee kidogo kuliko yeye, alimuuliza, "Unataka marekani?" Neno hilo bado lipo, jamani. Mtoto wa leo akisikia marekani anafikiria viza. Katika karne ya 19 marekani ilikuwa nguo nyeupe ngumu ya pamba, isiyotiwa rangi, iliyofika Zanzibar kwa meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa biashara wa 1833 kati ya Marekani na Sultani Seyyid Said. Ilikatwa ikawa matanga ya vyombo. Ilikatwa pia ikawa fedha: ukitaka kupita nchi ya mtu, ulilipa hongo kwa mikono ya marekani, ukitaka chakula cha wapagazi wako, ulinunua kwa marekani.

Yaani kitambaa kilekile kilichokipeleka chombo baharini ndicho kilichompeleka mpagazi bara.

Mwaka 1874 vitu hivyo viwili vilikutana kwenye mzigo mmoja. Henry Morton Stanley, mwandishi wa magazeti aliyekwisha kujipatia jina kwa kumtafuta Livingstone, alirudi Zanzibar akiwa na mashua iliyoundwa na James Messenger wa Teddington, kando ya mto Thames. Urefu wake ulikuwa futi 40, yaani kama mita 12, na upana futi 6. Mbao zake zilikuwa mwerezi mwembamba. Na ilikatika vipande vitano vilivyounganishwa kwa komeo. Aliiita Lady Alice, kwa jina la Alice Pike, binti wa Kimarekani aliyemwahidi kumngoja. Naomba nimalize umbeya huu mapema: Alice aliolewa na mwingine mwanzoni mwa 1876, mashua yenye jina lake ikiwa bado inabebwa Afrika.

Vipande vilipopimwa Zanzibar vilionekana vizito na vipana mno kwa njia za bara, zile njia za mguu ambazo watu hufuatana mmoja nyuma ya mwingine. Ikabidi fundi avipunguze. Halafu wakachaguliwa wapagazi wa mashua peke yake, wanaume wenye vifua, wakipokezana kila kipande. Walilipwa zaidi ya wenzao, wakapewa posho maradufu na kuruhusiwa kufuatana na wake zao. Ukitaka kujua kazi ilikuwa nzito kiasi gani, usisome sifa za mwajiri. Soma mshahara aliokubali kuongeza.

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 ukiwa na watu zaidi ya 300. Ulipita Mpwapwa, ukaingia Ugogo, na kwenye vichaka vya miiba ilibidi watu watangulie na mashoka kupanua njia, kwa maana mtu mwenye mzigo kichwani hupenya penye upenyo wa mtu, lakini kipande cha mashua hakipenyi. Fikiria kinavyobebwa: mti kwenye bega lako na mwingine kwenye bega la mwenzako, kipande kimening'inia katikati, na hatua zenu sharti zilingane. Mmoja akijikwaa, wote wawili mmeanguka. Baada ya siku kama mia moja, tarehe 27 Februari 1875, walifika Kageye, kusini mwa Ziwa Nyanza, karibu na Mwanza ya leo. Vipande vikaunganishwa, mlingoti ukasimikwa, tanga likatwekwa. Kwa siku 57 mashua iliyotoka Thames kwa meli na Bagamoyo kwa mabega ililizunguka ziwa lote.

Aliyeshika usukani ziwani alikuwa Mzanzibari aliyeitwa Wadi Safeni. Baadaye, kwenye Mto Kongo, kazi hiyo aliifanya Uledi. Majina haya tunayo kwa sababu Stanley aliyaandika, na Stanley aliandika pia, bila haya, jinsi alivyorudi kisiwa cha Bumbire na kuwamiminia risasi watu waliokuwa wamemtishia. Mashua ilisaidia katika hilo nalo. Sisemi Safeni na wenzake walikuwa malaika. Walikuwa na bunduki mikononi. Nasema tu kwamba bila mabega yao hapangekuwa na safari ya kusimulia, ya fahari wala ya aibu.

Mwisho wa Lady Alice huwa nausoma mara kwa mara. Tarehe 31 Julai 1877, juu ya maporomoko ya Isangila, huku watu wakiwa wamekonda kwa njaa, mashua ilivutwa ikaachwa juu ya mwamba. Ilikuwa imevuka bara zima. Bahari haikuwa mbali tena. Safeni aliposikia kwamba bahari imekaribia, akili yake iliachia. Alimshukuru Stanley, akamchukua kasuku wake, akaingia porini. Waliomfuata hawakumpata. Waliorudi Zanzibar mwezi Novemba mwaka ule hawakufika nusu ya walioondoka; wengine walikuwa wamekufa, wengine walikuwa wametoroka, na kwa msafara ule kutoroka lilikuwa wazo la mtu mwenye akili timamu.

Kwa nini hawakutumia magurudumu? Ni swali la haki, na watu wa wakati huo walijiuliza pia. Jibu fupi ni mbung'o. Ng'ombe, punda na farasi walikufa njiani kwa ugonjwa wa nagana, na gurudumu lisilo na wa kulivuta ni mzigo mwingine tu. Jaribio moja lilianzia hapahapa Dar es Salaam. Sultani Majid aliuanzisha mji huu miaka ya 1860, akafa 1870, na majumba yake yakaanza kuota nyasi. Mwaka 1877 mfanyabiashara Mskoti William Mackinnon na wenzake wakaanza kukata barabara ya mikokoteni kutoka hapa kuelekea Ziwa Nyasa. Ilifika kama maili 70, ikaachwa 1881. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alituma tembo wanne wa Kihindi washushwe ghuba ya Msasani, wabebe mizigo hadi Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Waliogelea kutoka melini hadi ufukweni, pale ambapo sasa watu hula samaki wa kuchoma. Mmoja tu alifika Karema.

Aliyekaribia kufaulu ni baharia wa Kiingereza, Edward Coode Hore, mtu wa shirika la kimisionari la London. Mwaka 1882 alileta mashua ya chuma yenye matanga, Morning Star, ikiwa vipande vipande, akavifunga juu ya mikokoteni na kuondoka Saadani kwenda Ujiji. Ndiyo trela za kwanza za mashua ninazozijua katika nchi hii. Ila mbele ya trela hapakuwa na gari. Palikuwa na watu wenye kamba begani. Mkewe, Annie Hore, alisafiri miaka michache baadaye kwa kiti cha magurudumu, na kitabu chake cha 1886 kina kiti hicho kwenye jina. Kwa sehemu kubwa ya njia kiti kilibebwa na wanaume, yeye na mtoto wakiwa ndani yake.

Reli ilibadilisha mambo, lakini si yote. Ilipofika Kigoma mwaka 1914, Wajerumani walikuwa wamekwisha kuagiza meli kutoka kiwanda cha Meyer huko Papenburg, ikafunguliwa na kupakiwa ndani ya makasha yapatayo 5,000, ikashushwa bandarini Dar es Salaam na kwenda ziwani kwa treni. Iliitwa Goetzen. Tunaijua kama Liemba. Waingereza nao, mwaka 1915, walileta boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli hadi Katanga, kisha juu ya matrela ya kweli yaliyovutwa na mashine za mvuke na maksai kupita milima ya Mitumba. Habari hiyo imeandikwa sana kwa Kiingereza, kwa mbwembwe, na mcheshi wake ni kamanda Spicer-Simson. Waliokata miti ya madaraja wapo kwenye picha, pembeni.

Halafu vita vyenyewe. Majeshi ya Waingereza yaliuchukua mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, na kadiri yalivyomfukuza von Lettow-Vorbeck kuelekea Rufiji ndivyo yalivyoacha reli nyuma. Gari zilizama kwenye matope, wanyama wakafa kwa mbung'o uleule. Ikabaki njia ya Bagamoyo: kichwa na bega. Wanahistoria hukadiria kwamba kwa vita vyote upande wa Waingereza ulitumia wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Wajerumani nao walikamata wa kwao na hawakuhangaika kuandika majina. Mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga ukumbi wa soko kabla ya vita, Waingereza waliweka kambi ya wapagazi. Vita vilipokwisha ukumbi ukawa soko kweli, na jina la kambi likabaki. Lile jengo la saruji lenye miavuli iliyogeuzwa juu-chini tunalolijua ni la baadaye. Lilisanifiwa na Beda Amuli, Mwalimu Nyerere akalifungua 1975, na moto wa Julai 2021 ukaliunguza.

Mara ya tatu tulikwenda Kariakoo kuchukua miti ya mvinje. Mmoja wa mlingoti, miwili mirefu ya foromali, ule mti wa juu unaobeba tanga, ambao kwa kawaida huunganishwa vipande viwili kwa kamba ili ncha ziwe nyembamba na tumbo liwe nene. Kirikuu tuliyoitaka haikukubali. Dereva alisema miti ile itamtafutia kesi na trafiki. Tukapata mkokoteni. Kijana mwenye mkokoteni aliitazama miti, akazunguka mara moja, akasema, "Mzee, hapa tunaondoka alfajiri au hatuondoki." Alikuwa na haki. Ikifika saa mbili Msimbazi hakuna anayepinda na mti wa mita saba.

Tulishika Mtaa wa Uhuru giza likianza kuachia. Yeye mbele, katikati ya mikono miwili ya mkokoteni, mimi nyuma nikishika ncha zisifagie watu. Sikujua kabla ya hapo kwamba mkokoteni hauvutwi kwa mikono. Huvutwa kwa kifua, na mikono kazi yake ni kuupa mwelekeo. Kwenye mteremko mdogo uzito wote humgeukia anayeuvuta, akawa sasa anauzuia kwa visigino. Tulivuka Mnazi Mmoja, tukafika Mnara wa Saa, tukaingia Samora. Kwenye Sanamu ya Askari akaomba tupumzike. Akakaa kwenye ukingo wa mzunguko, akanywa maji.

Sanamu ile ilizinduliwa 1927, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Askari mmoja wa shaba, peke yake, na bunduki yenye singe imeelekezwa bandarini. Kabla yake mji ulikuwa na sanamu ya gavana Wissmann, iliyowekwa 1909, na askari Mwafrika chini akimtazama juu; Waingereza waliing'oa, ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha miaka ya 1960. Nairobi wana sanamu ya mchongaji yuleyule, ya 1928, lakini yao ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi, hana silaha. Ya kwetu haina. Wapagazi wa Dar es Salaam wametajwa kwenye maandishi ya chini tu, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, wakifananishwa na viungo vya mwili wa jeshi. Miguu na mikono. Baada ya vita, mishahara ya wengi waliokufa haikudaiwa na mtu, kwa sababu ndugu zao hawakupatikana au hawakujua kwamba kuna haki yao mahali. Fedha hizo hazikuwafikia.

Nilimsomea kijana sehemu ya Kiswahili kwa sauti. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza kama waliandikwa majina. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi ni kama sisi na ushuru," akasimama, akaingia tena katikati ya mikono ya mkokoteni.

Feri maji yalikuwa yanajaa. Mjomba alikuwa amekwisha kuikalafati ngalawa na kufunga mirengu, na alitaka kuishua kabla maji hayajaanza kupwa. Tulisimika mlingoti kwenye kikalio chake, ukainama kidogo kuelekea omo kama inavyotakiwa. Henza ilipitishwa juu, ikafungwa katikati ya foromali. Tanga la marekani lilifungwa kwenye foromali kwa vikamba vifupi, kila shubiri mbili kimoja, kazi ya karibu saa nzima, na mjomba alifungua viwili vya kwangu akavifunga upya bila kusema kitu. Joshi, pembe ya mbele ya tanga, ikashikwa omoni. Demani ikarudishwa tezi. Kutweka kulihitaji watu watatu, maana foromali ile ni nzito kuliko inavyoonekana ikiwa hewani. Wa tatu alikuwa mwenye mkokoteni. Alikwisha lipwa, angeweza kwenda zake. Alishika henza, akaangalia juu, akauliza, "Tunavuta kwa neno gani?"

"Harambee," mjomba akamwambia.

Tanga lilipopanda na kushika upepo wa asubuhi, kijana alirudi nyuma hatua mbili kulitazama. Kisha akafuta mikono kwenye suruali, akageuka kuelekea banda la samaki kutafuta mzigo wa kurudi nao Kariakoo.